Barua ya Onyo kwa Ajili ya Ukoko



Mwezi uliopita dada mmoja wa jikoni, ambaye amekuwa katika Chama hiki kwa miaka kumi na mitano, alipewa barua ya onyo. Hakuiba nyama. Hakuchelewa kazini. Hakumtukana mkubwa wake. Kosa lililoandikwa katika barua ile ni kwamba aliwapa wanafunzi ukoko.

Wale wasiofanya kazi ya jiko huenda wakacheka, kwa hivyo nitaeleza. Ugali ukipikwa katika sufuria kubwa ya kulisha watu mia tatu, hushika chini na kandokando, ukawa gamba. Hapo zamani gamba lile lilikuwa la waosha sufuria. Mwenye kulipenda alilitafuna na chai, na lililobaki lilitupwa au lilichukuliwa na mwenye nguruwe, wala hakuna aliyelihesabu. Mimi nimo katika jiko hili la chuo kwa zaidi ya miaka ishirini, na sijapata kusikia neno ukoko likitajwa katika barua yenye mhuri.

Sasa mambo ni mengine. Kila siku ya kazi, yapata saa tisa alasiri, ukifungua mlango wa nyuma utaona vijana wanne au watano wamesimama karibu na mapipa. Hawaombi. Wamefungua madaftari yao kama wanaosoma. Mmoja ana mkebe wa siagi uliooshwa vizuri. Wanangoja sufuria zitoke. Dada yetu aliwaona siku tatu, siku ya nne akakwangua ukoko, akautia katika sinia, akawapelekea pamoja na mchuzi wa maharagwe uliokuwa umebaki. Akafanya hivyo kwa majuma matatu. Wakubwa wa jiko wakamwita, wakamwambia kwamba ukoko una mwenyewe, umekwisha kuuzwa kwa mwezi kwa mfuga nguruwe, na yeye amegawa mali isiyokuwa yake.

Katibu wa tawi amekwisha kuijibu barua hiyo, na amejibu vizuri. Onyo la kwanza huzaa la pili, na la pili huzaa kufukuzwa, kwa hivyo yafaa kila mwanachama ajue kwamba Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamlazimu mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoifahamu, na amsikilize mbele ya mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa Chama, kabla hajamfukuza kwa kosa la tabia. Dada yetu hatakwenda peke yake. Hilo limekwisha kuamuliwa, na sina la kuongeza.

Ninaloandika ni juu ya neno lililosemwa katika mkutano wa wajumbe siku tulipolizungumza jambo hili. Ndugu mmoja, tena mtu ninayemheshimu, alisimama akasema: "Tumtetee mwenzetu, lakini habari za njaa ya wanafunzi si habari zetu. Hao ndio mabwana wakubwa wa kesho. Wakiisha kupata digrii watatuita 'wewe mpishi'." Wengi walicheka, na baadhi walipiga makofi. Mimi sikupata nafasi ya kujibu siku ile, maana tulikuwa tumechelewa na magari. Najibu leo.

Kwanza namwuliza ndugu yangu, hao vijana wa mlango wa nyuma ni watoto wa nani? Mtoto wa tajiri hangoji ukoko. Mtoto wa tajiri husoma ng'ambo, au akisoma hapa ana chumba chenye friji. Niliwauliza wale watano. Mmoja baba yake ni topasi wa kaunti. Mmoja mama yake huchuma majani ya chai. Mmoja amelelewa na nyanya. Wawili hawakutaka kusema, nami sikuwashika. Hao ndio mabwana wakubwa tunaowaogopa.

Tena mimi mwenyewe nina binti katika chuo kingine, mbali na hapa, mwaka wa pili. Nitawapa hesabu yake, maana hesabu yake ni hesabu ya wengi kati yenu, ila wengine huona haya kuitoa. Mnakumbuka kwamba Mei 2023 Serikali ilileta mpango mpya wa kulipia vyuo vikuu, na mwaka 2024 wanafunzi wakagawanywa katika makundi matano kwa kadiri ya mapato ya wazazi wao. Binti yangu alitiwa katika kundi la tatu. Kundi hilo Serikali ilikubali kulipa nusu ya gharama ya masomo kuwa msaada, sehemu thelathini katika mia zikawa mkopo wa mtoto, na sehemu ishirini ni juu ya mzazi. Na kwa ajili ya kula na kulala, mtoto alikopeshwa shilingi 50,000 kwa mwaka.

Ukiitaja shilingi elfu hamsini kwa mara moja, huonekana ni mali. Basi chukueni kalamu. Vitanda vya chuo havitoshi, kwa hivyo amepanga chumba nje, cha mabati, choo cha watu wote, shilingi 4,000 kwa mwezi. Miezi minane ya masomo ni 32,000. Zimebaki 18,000. Miezi minane ni siku 240. Gawanyeni. Ni shilingi 75 kwa siku, na katika hizo 75 mtoto wa kike anunue sabuni, na vitambaa vyake vya kila mwezi, na umeme wa kulipia kabla, na maji ya mtungi, na kupiga chapa karatasi za mwalimu, na nauli. Kinachobaki ndicho chakula. Na mwanafunzi wa kundi la tano, ambaye alipangiwa 40,000 kwa kuwa mzazi wake alionekana kuwa na uwezo, akilipa chumba hicho hicho hubaki na shilingi 33 na senti. Sahani ya githeri karibu na geti la chuo chake ni 60.

Mtasema, mzazi aongeze. Naam, mzazi huongeza. Lakini mshahara wa mzazi nao mwaujua. Mtu wa mshahara wa shilingi 30,000, kwa kanuni za mwaka 2025, hukatwa 450 za nyumba, 825 za bima ya afya, na 1,800 za NSSF. Hizo ni 3,075 kabla kodi ya mapato haijatia mkono. Halafu kuna mkopo wa Sako, kuna wadogo walio sekondari, kuna mama mzee nyumbani. Mimi humtumia binti yangu 1,500 nikipata, na mwezi ambao sipati humpigia simu kumwuliza habari za masomo, naye hunijibu kwamba yote ni salama. Mwaka jana, katika mwezi wa pili wa masomo, alianguka chini katika chumba cha maabara. Walimpeleka zahanati wakidhani ni malaria. Daktari alimwuliza amekula nini tangu jana, akasema strungi na mandazi moja. Nilipata habari hiyo kwa rafiki yake, wala si kwake yeye.

Mkopo wake wa muhula ule ulikuwa haujaingia. Hapo ndipo penye ubaya mkubwa kuliko udogo wa fedha zenyewe. Mwenye nyumba hataki kujua Bodi ya Mikopo imechelewa. Fedha zikija katika juma la saba au la nane, mwanafunzi amekwisha kula deni: deni la kibanda, deni la mwenzake wa chumba, deni la simu. Zikiingia asubuhi, jioni zimekwisha, naye anaanza tena kukopa. Wako wanaojaribu bahati kwa kucheza kamari katika simu, wakidhani shilingi mia itazaa elfu. Twawalaumu, na kweli ni upumbavu, lakini mtu mwenye njaa ndiye mteja anayetafutwa na mwenye kamari.

Nataka wazee waliomo katika Chama wawaeleze vijana kwamba mambo hayakuwa hivi siku zote. Baada ya Uhuru masomo ya Chuo Kikuu yalilipwa na Serikali, na aliyefuzu alitakiwa kuitumikia nchi kwa muda wa miaka mitatu. Kuanzia mwaka 1974 ukaja mpango wa mikopo, lakini mwanafunzi bado alikula mesini, na kulikuwa na posho iliyoitwa "boom" ambayo wengi waliipeleka nyumbani kuwasomeshea wadogo zao. Kisha ikaja siasa ya kugawana gharama, ambayo Serikali iliipitisha mwaka 1988. Mwaka 1991 ikaanza ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka. Boom ikaondoka, na mwanafunzi akaambiwa alipe kila sahani anayokula. Mwaka 1995 ikaundwa HELB kwa sheria ya Bunge.

Sisi wa majikoni twakumbuka zaidi mambo ya sahani. Mpaka wakati ule mpishi wa chuo alijua idadi ya watu wake, kama mama ajuavyo watoto wake. Wakiwa mia nane, tulipika cha mia nane. Tangu sahani zilipoanza kuuzwa, tunapika cha wale walio na fedha, na wengine hatuwaoni tena mpaka tunapofungua mlango wa nyuma. Na angalieni jambo jingine. Jikoni kwetu, chakula kilipopungua watu, wapishi nao walipunguzwa. Waliobaki wengi wao ni vibarua wa mkataba wa miezi mitatu. Ndugu aliyesema njaa ya wanafunzi si habari zetu, kazi yake mwenyewe iliondoka kwa mlango ule ule ulioondoka sahani zao.

Wanafunzi wa vyuo vya ufundi wana shida yao nyingine, na wao ni wetu zaidi, kwa kuwa ndio mafundi wa mitambo, washona nguo na wapishi wa kesho. Mwaka 2018 ada ya vyuo hivyo iliwekwa kuwa 56,420 kwa mwaka, Serikali ikatoa 30,000, na 26,420 zikawa juu ya mwanafunzi, kwa mkopo au kwa mfuko wa mzazi. Hesabu ile ilikuwa ya masomo. Tumbo lilisahauliwa kabisa.

Kisha vijana hao hupelekwa kujifunza kazini, miezi mitatu, na hapo nataka wajumbe wote wa mahoteli na viwanda wafungue masikio. Nimeona kwa macho yangu hoteli iliyokuwa na vibarua sita katika jiko lake ikabaki na wawili, na nafasi nne zikajazwa na wanafunzi wa mafunzo. Hawalipwi kitu. Huja kwa miguu. Huosha vyombo kutoka asubuhi mpaka usiku, na baadhi yao hukubali kwa furaha, kwa sababu moja tu: hapo watapata chakula cha mchana. Mwenye hoteli amepata kazi ya watu wanne kwa sahani nne za ugali. Sisi tunakwenda kwenye meza ya mapatano kudai nyongeza, na mwajiri anatutazama akitabasamu, maana ana watu nje wanaofanya kazi yetu kwa kula. Mwaka 2022, siku ya Mei Mosi, ilitangazwa nyongeza ya asilimia 12 katika mishahara ya chini. Mwanafunzi mwenye njaa hana mshahara wa chini. Akiitwa Jumamosi kubeba mawe ya mjengo kwa nusu ya ujira, atakwenda, na nani kati yetu atamlaumu?

Nina neno moja lisilopendeza, nalo nitalisema kwa kuwa hili ni gazeti letu na halisomwi na waajiri, au likisomwa, shauri yao. Septemba 2025 wahadhiri na wafanyakazi wa vyuo vikuu waligoma, na mgomo ule ulichukua siku 49, mpaka tarehe 5 Novemba. Madai yao yalikuwa ya haki. Ilikuwa ni fedha za mapatano ya mwaka 2017 hadi 2021, ambazo wangalilipwa zamani. Niliuunga mkono mgomo ule, na ukija mwingine wa haki nitauunga mkono tena. Lakini siku zile 49 mwanafunzi aliyepanga chumba aliendelea kulipa kodi bila masomo, akila akiba ya muhula uliokuwa haujaanza. Wengine hawakuwa na nauli ya kurudi kwao. Sikusikia Chama chochote, wala chetu, kikiuliza watoto hao wanakula nini. Tulidai haki yetu, na tulifanya vema, ila hatukumtuma hata mjumbe mmoja kwenda kusema nao. Kisha twashangaa wakituona kama watu wa upande wa pili.

Wenzetu wa zamani walifikiri kwa njia nyingine. Septemba 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege kwenda kusoma Marekani, na aliyesimamia jambo lile alikuwa Tom Mboya, Katibu Mkuu wa Kenya Federation of Labour. Nauli ya ndege ilichangwa huko Marekani, lakini fedha za mfukoni na za matumizi zilichangwa na watu wa kwao, kwa karamu za chai na dansi na kuku waliouzwa mnada. Hakuna aliyesema kwamba vijana wale wakirudi watakuwa mabwana wakubwa, ingawa wengi walirudi wakawa hivyo. Na huko Marekani kwenyewe, msidhani njaa hii haipo. Katika chuo kikuu cha Michigan State wanafunzi walifungua ghala lao la chakula mwaka 1993, na tangu hapo vyuo vingi vimefuata.

Basi twataka nini? Ya kuitaka Serikali ni machache. Mkopo wa matumizi na uingie kabla ya siku ya kufungua chuo. Jambo hili halihitaji hata senti moja zaidi, linahitaji mtu wa kuamka mapema. Na mesi zirudishwe mikononi mwa vyuo, zipewe ruzuku, ziajiri wapishi wa kudumu, ili sahani moja ya mchana iuzwe kwa bei ambayo mtu wa shilingi 75 kwa siku aweza kuilipa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kuwa huru na njaa. Haikusema isipokuwa wanafunzi.

Ya kuwataka waajiri ni moja. Katika mapatano yajayo, Chama kidai kwamba mwanafunzi wa mafunzo asijaze nafasi ya mfanyakazi, na kila siku aliyofanya kazi apewe chakula na nauli.

Lakini iko ya kujitaka sisi wenyewe, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Tawi letu lina wanachama 400. Kila mmoja akikatwa shilingi 30 kwa mwezi, ni shilingi 12,000. Kwa sahani ya ugali na maharagwe ya shilingi 60 kutoka jiko letu hili hili, ni sahani 200 kwa mwezi. Wanafunzi wasiite msaada wala wasipange foleni ya maskini. Wapewe tikiti kama tikiti nyingine yoyote, waje mlango wa mbele, waketi mezani.

Najua majibu. Wa kwanza atasema sahani 200 si kitu katika chuo cha maelfu. Ni kweli. Wale watano wa mlango wa nyuma, kwa siku ishirini za masomo, ni sahani 100. Kwa hivyo tutawalisha hao na wengine watano. Wa pili atasema tukifanya hivyo Serikali itatuachia mzigo. Hilo ni neno zito, na nililifikiri usiku mzima. Nimeona hivi: Chama kinachojua majina ya wenye njaa, na idadi ya sahani, na bei yake, kitasimama mbele ya Waziri na daftari mkononi. Sasa hivi hatuna daftari, tuna huruma tu. Wa tatu atasema yeye mwenyewe watoto wake wana njaa nyumbani. Huyo simjibu. Ajiandike kwa Katibu asikatwe, wala asiulizwe sababu.

Nimetoa hoja hii kwa maandishi, na ndugu wawili wameiunga mkono: mmoja wa dobi, na dada yule mwenye barua ya onyo. Itasomwa katika mkutano mkuu wa tawi mwisho wa mwezi huu, baada ya hesabu za Mweka Hazina. Ndugu yangu aliyesema njaa ya wanafunzi si habari zetu nimemwomba aje azungumze upande wake, naye amekubali. Mkutano utaanza saa nane. Saa tisa sufuria zitatolewa kama desturi, na aliye zamu siku hiyo ni mimi.

Mpishi, Zamu ya Mchana